Sakafu Isiyosikika Chini

Jumamosi asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, mpima maji alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule yake akipima kina cha michubuko ya kucha za mbwa kwa njiti ya kiberiti. Mahali pengine njiti ilizama kichwa tu; mahali pengine ilizama hadi vidole vyake vikagusa sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji, imesuguliwa kwa dawa nyekundu kila mwisho wa juma tangu nyumba ihamiwe, na bado mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza angeweza kudhani imelimwa kwa jembe na mtu mwenye hasira.

Michubuko haikutawanyika ovyo, na hilo ndilo lililomvutia. Ilianzia mlango wa mbele, mlango wa jikoni na mlango wa ukumbini, ikaja kama mito inayotafuta ziwa, ikakutana yote kwenye kona ya kabati la vyombo. Hapo saruji ilikuwa imekwisha kabisa na ufa umefunguka, mrefu kama unyayo wa mtu mzima, mwembamba kiasi cha kupitisha sarafu.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya idara ya maji. Watu walimletea maji kwenye chupa, naye akawaambia kilichomo. Kazi hiyo ilikuwa imemzoeza kutosadiki jambo mpaka alijaribu, na kulijaribu tena. Mumewe, mwalimu wa jiografia, alipenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye alipimwa kabla ya kukubaliwa, ila majibu hajaonyeshwa hadi leo.

Mbwa walikuwa watatu: mama, aliyeitwa Malkia, na wanawe wawili, Sajini na Bosi. Hawakununuliwa wala kupewa na mtu. Malkia alikutwa kiwanjani siku ya kuchimba msingi, tumbo limemjaa, amelala mahali ambapo baadaye pangekuwa sebule. Alifukuzwa akarudi, akafukuzwa tena akarudi, mwisho mafundi wakachoka wakawa wanajenga huku wakimruka. Nyumba ilipokamilika, yeye alikuwa tayari ndani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyewahi kuitika jina lake, jambo ambalo familia ililichukulia kuwa ni kiburi.

Fundi wa sakafu alifika chai ikiwa mezani. Alibeba mfuko mzito uliojaa vipande vya mfano, akavipanga ukutani mmoja mmoja kwa heshima, kama mtu anayetambulisha jamaa zake.

“Mbwa si mchezo, mama,” alisema. “Watu wanachagua sakafu kwa macho, halafu wanakuja kulia kwangu. Tazama. Hiki kigae cha kung’aa hakichubuki, maji hayapenyi, lakini yule mbwa wenu mzee mwenye nyonga mbovu atateleza siku moja asiinuke. Mbao halisi zina joto na zina heshima, ila mwaka hautaisha utadhani umefuga panya. Mbao bandia zinastahimili kucha, hazistahimili mkojo. Ukiingia kwenye maungio tu, zinavimba kama shavu lenye jino bovu.”

“Na zulia la plastiki?”

“Zuri. Tulivu. Mpaka mmoja wao agundue pembe yake inavutika.” Akachukua kipande cha mwisho, cheusi, kinene, kisicho na mng’ao. “Ila mimi ningekuwa na mbwa, ningeweka hii. Mpira wa kumimina. Unaumwaga kama uji, unajisawazisha wenyewe, unaganda. Hauna maungio hata moja. Kucha zinazama kidogo halafu alama inajifuta. Hayapiti maji, hapiti sisimizi, haipiti hata harufu.”

“Nitavijaribu vyote,” alisema mpima maji.

“Anajaribu vyote,” mama mkwe alimthibitishia fundi kutoka kwenye kiti chake, kikombe mkononi. “Wiki iliyopita alikinga mkojo wa mbwa kwenye glasi aone unapauka vipi kwenye saruji. Mwanangu kasoma mpaka chuo kikuu, kaenda kuoa mtu anayekinga mbwa mikojo.”

“Glasi niliitupa, mama.”

“Najua uliitupa. Nilihesabu zilizobaki kabla sijanywa maji.”

Fundi alipoondoka, mpima maji alivitandaza vile vipande kuanzia mlango wa jikoni hadi kona ya kabati, vikawa kama mawe ya kuvukia kijito. Mwalimu akasimama upande mmoja ameshika mfupa. Mbwa wakaitwa, hawakuitika. Wakaonyeshwa mfupa, wakaja mbio. Kucha zao zilipogonga kigae cha kung’aa, tikitikitiki, mtu aligonga mara tatu kutoka chini.

Mpima maji aliinua mkono ili jaribio lisimame. Aliwarudisha mbwa walikotoka, akawaachia tena. Kigae kikalia, na kutoka chini ikagongwa tena, safari hii kwa nguvu kidogo, kama kwa mpini wa ufagio.

Alijaribu mbao. Kimya kidogo, kisha gonga moja. Mbao bandia, gonga mbili.

Nyumba haikuwa na chumba chini ya ardhi. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye vyumba vitatu na baraza, imekaa moja kwa moja juu ya ardhi. Mpima maji alisogea kwenye ule ufa akainama.

“Samahani huko chini,” alisema.

“Si neno,” ilijibu sauti ya mwanamke mtu mzima. “Tunajua mna kazi. Ila hicho cha kwanza, mwanangu, kinatupasua vichwa.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mwaendeleaje huko juu?”

“Tunaendelea vizuri. Ninyi je?”

“Tupo,” alisema bibi wa chini.

Mwalimu aliweka mfupa mezani. Mama mkwe alimeza chai yake.

“Hao ni wa chini,” alisema. “Mimi nawasikia tangu siku niliyohamia. Mzee wao ana kikohozi kikavu, alfajiri hanipi usingizi. Nilidhani mnajua.”

“Hujawahi kutuambia, mama.”

“Na ninyi mnaniambia kila kitu?”

Hivyo ndivyo wa chini walivyoingia katika majaribio. Kwa kuwa wao ndio waliosikia, ilikuwa haki waulizwe, na mpima maji aliwauliza kwa utaratibu uleule aliotumia maabara. Kila kipande alikihamishia juu ya sehemu ileile, akawapitisha mbwa walewale kwa mwendo uleule, kisha akainamia ufa kungoja jibu. Bibi wa chini naye hakuwa mtu wa kupayuka. Alifikiri kwanza, wakati mwingine akashauriana na watu wake kwa sauti ya chini, ndipo akajibu. Kigae cha kung’aa kilikuwa sawa na mtu anayechambua kokoto. Mbao zilikuwa ngoma ya msibani. Zulia la plastiki lilikuwa afadhali, ila Bosi alipoligeukia kulitafuna lilitoa mlio uliomtia mzee kizunguzungu.

Kipande cheusi kilipowekwa, hakuna aliyegonga.

“Bibi? Wameshapita.”

“Wameshapita? Tumesikia kama mvua inayonyesha kijiji cha pili.”

Mpima maji alifurahi, kama alivyofurahi siku zote majibu yalipokuja safi. Lakini udadisi wake ulikuwa umeshahama kwenye sakafu. Siku zilizofuata alirudi kutoka kazini mapema, akavua viatu mlangoni, akaketi karibu na ufa na kuuliza. Aliuliza huko chini kuna vyumba vingapi. Viwili na jiko. Aliuliza wanapata wapi maji. Kisimani kwao, kilikuwa bado kinatoa. Akaomba ayapime, wakampitishia utambi wa pamba uliolowa, naye akaenda nao maabara akakuta maji masafi kuliko ya bomba. Aliuliza wanapata wapi mwanga.

“Kwako,” alisema bibi wa chini.

Alieleza kwamba yeye ni mshonaji. Ufa ulipofunguka, miaka kadhaa nyuma, mstari mmoja wa jua ulianza kuingia, mwembamba kama uzi, ukatembea polepole kutoka ukutani hadi kitandani kwa mzee. Bibi huufuata na kigoda chake siku nzima, anahama nao, anatunga sindano ndani yake. Ukifika kitandani anaacha kushona ili mzee auote kidogo kifuani.

“Mapazia ukifungua mapema, kwetu kunakucha mapema,” alisema. “Ila mlipokwenda kwenye ile harusi mkafunga nyumba, hakukucha mpaka mliporudi.”

Mpima maji alikumbuka harusi hiyo. Walikaa kwa shemeji juma zima, wakala vizuri, na siku ya kurudi yeye ndiye aliyesema waongeze usiku mmoja.

“Mngegonga,” alisema.

“Tuligonga. Waliosikia ni mbwa tu, na ndipo walipochimba sana.”

Malkia alikuwa amelala hapohapo, pua imezama ufani. Bibi wa chini akamwita taratibu, “Mwenzangu.” Mbwa yule mzee ambaye hakuwahi kuitika jina lolote alisimamisha masikio yote mawili, mkia ukapiga sakafu, na koo lake likatoa sauti ndogo ambayo mpima maji hakuwahi kuisikia.

“Ni mbwa wenu,” alisema.

“Ni wetu. Wanawe hatukuwahi kuwapa majina, walizaliwa mkiwa mmeshaanza kujenga. Ninyi mnawaitaje?”

“Sajini na Bosi.”

Bibi alicheka mpaka mzee akaamka na kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Naye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Kicheko kilipoisha, mpima maji aliuliza swali alilokuwa ameliahirisha: ilikuwaje mpaka wakawa huko. Bibi wa chini alilijibu kama mtu anayesimulia njia ya kwenda sokoni. Nyumba yao ilikuwa hapahapo. Walikuja watu wenye kofia ngumu na kamba za kupimia, wakawaambia kiwanja kina jambo, lakini wasiwe na wasiwasi, suala lao linashughulikiwa, waingie ndani wangoje. Wakaingia, wakangoja. Wakiwa wanangoja, wakasikia zege.

“Na mlango?”

“Upo. Umeuwekea kabati la vyombo.”

Ndipo bibi alipoomba. Hakuomba kwa kulia. Alisema wamesikia kwamba Jumanne fundi atabomoa saruji ya zamani kabla ya kumwaga mpya. Ikibomolewa, mlango utaonekana. Hawataki kubebwa wala kusindikizwa. Wafunguliwe tu, watatoka wenyewe. Mzee anataka kukaa nje, kwenye jua pana, siku zilizobaki. Na mpira ule mweusi ni mzuri sana kwa mbwa, hawaupingi, ila usio na maungio maana yake ni kwamba hautakuwa na ufa.

“Nitawafungulia,” alisema mpima maji, na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote.

Usiku wa siku hiyo, wakati wa chakula, alimweleza mumewe. Mwalimu alisikiliza kwa makini, akafuta midomo, akauliza swali moja la jiografia.

“Wakitoka, watakuwa wapi?”

“Nje.”

“Nje ni wapi? Nje ni baraza letu. Kisha ni bustani yetu. Kisha ni kiwanja, na mtu akishasimama kwenye kiwanja anaanza kusema hapa palikuwa jikoni kwangu.”

“Lakini palikuwa jikoni kwake.”

“Mimi niliiona ramani kabla ya kununua,” alisema mwalimu. “Hapa palikuwa peupe.”

“Nani aliichora?”

“Wachora ramani huchora wanachoagizwa. Hilo nawafundisha watoto muhula wa kwanza.” Alisogeza sahani yake kando, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. “Sikatai wana haki. Nasema tusikurupuke. Waambie suala lao linashughulikiwa.”

Mpima maji alimgeukia mama mkwe, ambaye siku hizo alikuwa na mazoea ya kupiga soga ufani kila mchana na tayari alijua majina ya utani ya ukoo mzima wa chini.

“Mama, wewe unasemaje?”

“Mimi?” Mama mkwe alikwangua sahani yake. “Yule bibi ni mtu wa watu. Angekuwa jirani wa kawaida ningevaa naye sare ya kanga. Lakini nyumba hii ina vyumba vitatu, na chumba cha kwanza kutolewa kwa wageni huwa ni cha mama mkwe. Kwa hiyo usiniulize mimi. Nina upande.”

Jumanne fundi alikuja na nyundo, mashine ya kuchanganyia na watu wake wawili. Kabati la vyombo likahamishiwa ukumbini, sahani zikilia ndani yake. Saruji ya zamani ilitoka kwa vipande vikubwa, nyekundu juu, kijivu chini, na adhuhuri haijafika, mlango ukaonekana.

Ulikuwa mlango wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, umelala chali ardhini kama mfuniko. Bawaba zake zilikuwa nzima. Komeo lilikuwa upande wa juu. Malkia, ambaye kwa nyonga yake alikuwa hapandi hata ngazi ya baraza, aliruka kifusi akaenda kulala juu yake.

“Na ninyi wenu ni wa kijani,” fundi alisema, akijifuta jasho. “Nyumba ya pembeni ni wa bluu. Kule kwa daktari wa meno kuna miwili.”

“Kumbe kila nyumba?”

“Mtaa mzima, mama. Nimeweka sakafu kote huku. Kila mtu ana wa kwake.” Akasema hivyo kama vile angesema kila mtu ana mita ya umeme. “Nyumba ya bluu walifungua kidogo wachungulie. Wakakuta watu wamejipanga na mizigo. Wakafunga, wakaagiza zege nene zaidi.”

Mpima maji alipiga magoti kwenye kifusi. Chini ya mlango palikuwa na pilikapilika za safari: mafundo yanakazwa, mtu anauliza kiatu cha pili kiko wapi, mtoto anaambiwa anyamaze atafika. Mzee alikohoa, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechana nywele, “Mimi niko tayari.”

Akamsogeza mbwa, akashika komeo. Lilikuwa gumu, kisha likalegea. Aliinua mlango kiasi cha kiganja.

Walikuwa wamesimama kwenye ngazi, mmoja nyuma ya mwingine, wamevaa nguo nzuri zilizoshonwa kwa mkono. Bibi alikuwa mbele. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na mboni zake zilikuwa pana sana, kama za paka gizani. Jua la dirishani lilipomwangukia usoni hakufumba macho. Aliinua mkono mmoja, akaugeuza kwenye mwanga upande wa ndani na upande wa nje.

“Kumbe linatoka upande huo,” alisema. “Mimi siku zote nilidhani linatoka jikoni.”

Mpima maji aliwatazama wote, hadi wa mwisho aliyemwona, na nyuma ya huyo kulikuwa na wengine. Alitaka kuwauliza mambo mengi. Alitaka kujua zile nguo walizipaka rangi kwa kitu gani. Alitaka kujua mtoto alizaliwa lini, maana alikuwa mdogo kuliko nyumba.

“Mama,” fundi aliita kutoka kwenye mashine, kwa upole, “zege nimeshalichanganya. Zege halingoji.”

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa akitazama bustani kupitia dirishani, na mkewe aliona midomo yake ikicheza kidogo, kama mtu anayehesabu watu na kuwapanga kwenye nafasi.

Mpima maji alifikiria bustani. Alifikiria baraza, na vyumba vitatu, na nyumba ya bluu, na miwili ya daktari wa meno, na mtaa wote ukifunguka siku moja kama mayai. Halikuwa wazo baya. Lilikuwa tu wazo kubwa, nalo lilihitaji kupimwa kwanza, na tena, katika hali ya utulivu.

“Ngojeni kidogo,” alimwambia bibi. “Tulizungumze vizuri. Sisemi hapana.”

Bibi wa chini aliushusha mkono wake.

“Haya,” alisema. “Kungoja tunakujua.”

Wakarudi chini kwa utaratibu, wa mwisho akitangulia, na mlango ukashushwa. Mpima maji mwenyewe ndiye aliyerudisha komeo, kwa kuwa lisingerudishwa zege lingeingia huko kwa watu.

Lakini hapo alipiga moyo konde, akasimama juu ya mlango na kukataa kushuka mpaka fundi aahidi kuacha tundu. Fundi alisema tundu litaiharibia sakafu sifa yake, kwani sifa ya mpira ule ni kutokuwa na mwanya. Mwalimu alisema la msingi ni maelewano. Mama mkwe alisema bila tundu yeye atazungumza na nani mchana, na zege. Wakavutana wakati mashine inazunguka, mwisho wakakubaliana kipande cha bomba, mdomo wake upana wa glasi, na kichujio cha shaba juu yake ili vitu visidondoke. Mpima maji alichagua mwenyewe mahali pa kuliweka. Alikuwa amelifuatilia jua sebuleni Jumapili nzima iliyotangulia, akajua linakaa wapi muda mrefu zaidi. Jioni aliyatoa mapazia yote, akayakunja, akayagawa. Alilala akiwa amechoka sana, akihisi kwamba jambo fulani limepatikana.

Zege likakauka. Mpira ukamwagwa juu yake, mweusi, mzito, ukajisawazisha wenyewe kama ilivyosemwa, ukaganda. Kabati la vyombo likarudi kwenye kona yake.

Ilikuwa sakafu njema, na ni vigumu kuisema vibaya. Malkia hakuteleza hata siku moja. Wanawe walikimbia mlango hadi mlango, alama za kucha zikabaki kitambo na kujifuta. Mkojo ulifutwa kwa kitambaa kimoja. Mwalimu aliisifu kwa wenzake shuleni, na hakuacha kuongeza kwamba ilichaguliwa na watu wote wa nyumba, wa juu na wa chini, na kwamba wa chini waliulizwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Hilo lilikuwa kweli.

Fundi naye alianza kuleta wateja waione. Siku moja alikuja na mume na mke waliokuwa wakijenga mtaa wa pili, wenye mbwa wawili wakubwa. Walivua viatu, wakatembea huku na huku, wakabonyeza kwa vidole vya miguu.

“Na hili tundu?” aliuliza yule mke.

“La wa chini,” alisema mpima maji.

“Aa. Sisi nasi tumeambiwa tunao. Mliwawekea pana kiasi gani?”

“Kama glasi.”

“Kama glasi,” yule mke alimwambia mumewe, naye akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa kipimo cha chumvi.

Wageni walipohamia ukumbini kutazama pembe za kuta, mpima maji alipiga magoti kando ya kichujio. Alifanya hivyo kila siku alipotoka kazini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mlango wetu je?”

“Bado tunalizungumza.”

“Haya.”

Malkia alikuwa amekuja nyuma yake, akichechemea. Akajizungusha, akajishusha kwa taabu, akalaza kifua chake chote juu ya tundu. Mwanga wa chini ukakatika. Mpima maji alimwona akifanya hivyo karibu kila siku, naye kila siku alimwondoa, kwa kuwa jua la mahali pale lilikuwa la saa chache na mzee alikuwa hawezi tena kuhama kitandani. Aliingiza mikono chini ya mbavu za mbwa ili amsogeze.

“Mwache,” sauti ya bibi ilisema, ikipita kwa shida kwenye manyoya. “Mzee anamtaka hapo. Akilala hivyo, tunausikia moyo wake.”

Mpima maji aliitoa mikono. Alikaa kitambo akiwa ameinama, sikio karibu na mgongo wa mbwa, akijaribu kusikia wanachosikia, lakini kutoka upande wa juu hapakuwa na kitu. Ukumbini mteja alikuwa akiuliza kama mpira huo unapatikana kwa rangi ya kijivu, na fundi akijibu kwamba unapatikana. Akainuka, akaondoka kuelekea jikoni kuteleka chai ya wageni, na sakafu ikapokea nyayo zake moja baada ya nyingine bila kutoa sauti yoyote.